Miaka Thelathini na Miwili ya Kupasua Pawasaplai

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Bwana Ephraim Kimotho atavua koti lake la buluu na kulitundika kwa mara ya mwisho katika karakana ya Madanlal Elektroniki, Kitale. Atakuwa ametutumikia miaka thelathini na miwili na miezi minne. Katika muda huo wote alikosa kazi siku sita, na mbili kati ya hizo alikuwa Saboti akimzalisha ng'ombe wake.

Aliajiriwa Februari 1993 na marehemu baba yake Bwana Madanlal, mwenye kampuni wa sasa, kama fundi wa redio. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa dukani, wenzake waliizunguka kwa heshima wakisubiri mwongozo usomwe. Mzee Kimotho aliifungua kabla haijawashwa, na tangu siku hiyo hakuacha kufungua. Barua yake ya cheo inasema Mkaguzi wa Bidhaa. Sisi wa tawi la Bungoma tulimwita Daktari wa Upasuaji, naye hakuwahi kulikataa jina hilo.

Kwa wasiojua, pawasaplai ni lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta linalopokea stima ya ukutani na kuigawia mashine kwa kipimo. Kwa nje zote zinafanana kama mapacha: chuma, feni na mkia wa waya. Mzee Kimotho hakuamini nje ya kitu chochote. Alikuwa akiinua pawasaplai kwa mkono mmoja, anafumba macho, anainusa, kisha anachukua bisibisi. Ndani alitazama unene wa waya, ukubwa wa transfoma, na kapasita, yale makopo madogo yanayoweka akiba ya stima ili ikipepesa mashine isizime. Mwisho aliangalia pale stima inapoingilia, kama kuna koili za kuichuja au mtu ameacha mashimo matupu na kuunganisha waya juu kwa juu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mzee aliongeza kwamba kibaya kabisa hujitembeza kikiwa na feni ya taa za rangi.

Lazima niseme ukweli hapa: tangu barua ya kustaafu kwake ibandikwe ukutani mwezi Januari, tumekuwa na hofu. Hakuna aliyeuliza nani atakalia kiti chake, maana kiti chenyewe kimevunjika mguu. Tuliuliza nani atafungua. Nilipomuuliza yeye, aliniambia anaogopa kuondoka halafu kazi yake ya maisha yote ikumbukwe kama ukaidi wa mzee mmoja wa Kitale.

Ukaidi huo una asili. Mwaka 2004 alikuwa bado anaamini mizani. Alihubiri kwamba pawasaplai nzito ni nzuri, na kwa imani hiyo akapitisha shehena nzima bila kufungua hata moja, akizisifu moja moja kama mtu anayenunua jogoo. Wiki tatu baadaye, katika ofisi ya wakulima kule Ndalu, moja ilipasuka kwa kishindo mpaka karani akatokea dirishani na kalamu bado iko mkononi. Mzee alipoifungua alikuta pande la simiti limegundishwa ndani ili kuongeza uzito. Mtu mwingine angelizika pande lile. Yeye aliliweka mezani pake na kuwaonyesha wageni wote, akieleza kwa utulivu ni nani aliyelipitisha.

Sasa nije kwa jambo la Septemba mwaka jana, maana nilikuwepo. Shule moja ya wasichana upande wa Bumula iliagiza kompyuta arobaini kupitia tawi letu. Wasichana thelathini na wanane wa kidato cha nne walikuwa wanazisubiri kwa mtihani wao wa vitendo, na siku zilikuwa zimebana. Divya, binti wa Bwana Madanlal, alikuwa ametoka chuo na kukabidhiwa idara ya ununuzi. Alipata pawasaplai arobaini kwa haraka ya ajabu na kumwahidi mwalimu mkuu kwamba mzigo utafika Jumatatu.

Ijumaa Mzee Kimotho alichukua moja, akainua, akafumba macho, akanusa. Divya alimwonya kwamba stika ikikatwa, waranti imekwisha na aliyetuuzia hatazipokea tena. Mzee akaikata. Ndani palikuwa na kapasita kubwa yenye maandishi ya kupendeza, na Divya akashusha pumzi. Lakini Mzee aliikazia macho, kisha akaichana ganda lake kwa wembe. Ndani ya ganda mlikuwa na kapasita nyingine ndogo, kama mtoto aliyevalishwa koti la babake.

Divya alikasirika, na simlaumu. Alichomeka nyingine kwenye kipimo, taa ya kijani ikawaka, akamwambia mbele yetu sote kwamba mashine inafanya kazi na wateja hawanunui matumbo.

Mzee hakupandisha sauti. "Inawaka, mama," alisema. "Hata kiberiti inawaka. Shida ni itawaka mpaka saa ngapi."

Bwana Madanlal alikuwa mlangoni na angeweza kuamua, lakini alimtazama binti yake na kumwachia. Divya alitoka nje na simu. Tulimwona kupitia dirisha akimweleza mwalimu mkuu kwamba mzigo utachelewa siku tisa, na tukaona pia alivyoiweka simu mbali na sikio kwa dakika nzima. Aliporudi alikuwa na machozi. Aliuliza bisibisi nyingine iko wapi.

Pawasaplai mpya za kuaminika zisingefika ndani ya siku hizo tisa, kwa hiyo tuliingia stoo ya mashine kuukuu, tukafungua pawasaplai zake moja baada ya nyingine, jumla themanini na tatu. Mzee alizipanga kwa marundo matatu: Mbinguni, Toharani na Jehanamu, ingawa yeye ni Mprotestanti wa PCEA na mambo ya toharani huwa hayaamini. Mimi nilipeleka moja Mbinguni kwa furaha. Aliirudisha, akanionyesha kapasita iliyovimba kichwa kama chapati kwenye kikaango, na kuitupa Jehanamu bila kesi. Siku ya tatu Divya alikuwa akibishana naye kuhusu Toharani, na mara mbili alishinda. Mzee alifurahi kushindwa kuliko nilivyowahi kumwona akifurahi kushinda.

Siku ya mtihani, kompyuta zote arobaini zikiwa zimefika, mawingu yalikuwa mazito Bumula. Katikati ya kazi taa za darasa zilipepesa mara mbili na feni ya darini ikapunguza mwendo. Hakuna kompyuta hata moja iliyozima. Mwalimu aliniambia wasichana hawakuinua hata vichwa, na wote thelathini na wanane walihifadhi kazi zao na kumaliza. Nilimpigia Mzee nikiwa nimejaa furaha. Aliuliza tu kama zile mbili za akiba nazo zilibaki zinawaka.

Mzee Kimotho anarudi Saboti kwa mkewe, Mama Mwihaki, kufuga kuku. Wafanyakazi wa Kitale na Bungoma tumemnunulia mashine ya umeme ya kuangulia vifaranga, na ununuzi huo tulimwachia Divya. Alikaa siku nne bila kuileta, mpaka tukadhani ameisahau. Kumbe alikuwa akizunguka maduka ya mji na bisibisi ndani ya mkoba. Muuza duka mmoja alimfukuza. Wa pili alimfuata hadi barabarani akilalamikia stika zake. Mashine mbili alizikataa kwa sababu ya waya mwembamba. Ya tatu aliipasua yote juu ya kaunta, akakaa nayo saa nzima, ndipo akakubali.

Asante, Mzee, kwa miaka yote, na hata kwa siku ulizotuchelewesha. Kuondoka kwako kunatuuma, na hatutajifanya hakutuumi. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha na vifaranga wengi. Najua ukifika nyumbani utaifungua zawadi hii kabla ya kuichomeka. Ifungue bila wasiwasi. Stika utaikuta imekatwa tayari.

Lenah Nasimiyu
Msimamizi, tawi la Bungoma