Mkate wa Kufutia Ramani

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, kina mama poleni, nanyi mliotembea kwa miguu kutoka Nzuguni na mliopanda gari moshi kutoka Gulwe, Mungu awalipe. Mimi naitwa Nikodemo Matonya, mwalimu wa shule ya misheni, mdogo wa marehemu, tulinyonya ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Tangu jana mmekuwa mkininong'oneza swali lile lile, tumewezaje kupata ruhusa ya kumzika hapa Isangwe, katikati ya vigingi vya viwanja vya mji, mahali ambapo mbuzi akikanyaga tu mwenye mbuzi anaitwa bomani. Jibu limo humu, lakini liko mwishoni, na kabla ya kulifikia itawabidi mvumilie mambo yanayotia kinyaa.

Marehemu Bartolomayo Matonya alizaliwa hapa hapa Isangwe, mtoto wa kwanza wa Mzee Matonya na mama yetu Anyesi, wakati wa mavuno ya uwele, mwaka ambao kwa hesabu za misheni ni 1882. Katika daftari la serikali ameandikwa kuwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1880, na msidhani karani alipitiwa, kwa kuwa wanafunzi wote kumi na mmoja wa kozi yake ya upimaji waliandikwa siku hiyo hiyo ya mwaka huo huo, Mgogo, Mrangi na Mnyamwezi, kama vifaranga wa kuku mmoja, kisha Bwana Mpimaji, yule Mjerumani aliyewafundisha, akafunga daftari na kuwaambia kwamba jambo la kwanza katika kazi hii ni usahihi.

Mwaka 1893 alipelekwa shule ya misheni huko Mpwapwa, akajifunza kusoma, kuandika na hesabu, akabatizwa tarehe 12 Juni 1898, na mwaka 1900 akarudi nyumbani na ugonjwa mmoja usiopona, ugonjwa wa kuchora. Alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa tembe njia ya kisimani, zizi, mashamba, kila nyumba mahali pake, hata wageni walioulizia njia walipelekwa kwanza ukutani. Baba aligomba kwamba ukuta unachafuliwa, mama akakataza usifutwe. Baba alifariki mwaka 1902, na mama akamfuata tarehe 3 Machi 1905, akazikwa kando yake nyuma ya tembe letu, na siku alipokuwa anatutoka alimshika Bartolomayo mkono akamwomba neno moja tu, asije akamwacha peke yake hapa akanyagwe na watu asiowajua. Kaka aliitikia, nami nilikuwepo nikasikia, na yote aliyoyafanya baadaye, ya sifa na ya aibu, yalitoka katika itikio lile.

Desturi inataka nitaje kazi kabla ya ndoa, lakini Hana binti Mazengo alikuja kabla ya kazi, basi atangulie. Walifunga ndoa tarehe 17 Oktoba 1906, mtoto wao wa kwanza alifariki mwaka 1907 kabla hajapewa jina, tukamlaza hapa kando ya bibi yake na babu yake, akazaliwa Ruthu mwaka 1908, na Emilia tarehe 5 Novemba 1911, ambaye baba yake alimwona akiwa na siku tisa, kwa sababu Bwana Mpimaji alisema uzazi ni kazi ya wanawake na siku hizo darasa lilikuwa linapaka mawe chokaa.

Kazi aliianzia Gulwe mwaka 1909, alikowabebea wapimaji wa reli mnyororo wa kupimia, akitembea nao juani kutwa nzima, na ndiko alikoligundua jambo ambalo sisi wengine hatukulijua, kwamba kile kilichomo katika karatasi ya Wajerumani kinasalimika, na kisichomo kinavunjwa, hata kama kina watu ndani wanapika. Reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 na boma likaanza kupanga mji, kaka hakuhitaji kuambiwa mji utaelekea wapi. Alikuja hapa, akasimama kwenye makaburi haya matatu, akamwambia Hana kwamba yeye mwenyewe hana budi kujifunza kuishika kalamu inayochora karatasi ile.

Kwa hiyo Juni 1911, boma lilipopiga mbiu kwamba linatafuta wenyeji wenye akili wa kufundishwa upimaji na upangaji wa mji kwa miezi sita, wapate elimu, cheo na cheti, kaka alifika getini kabla ya mpiga mbiu hajamaliza kuzunguka. Kozi ilianza tarehe 3 Julai. Nitawasomea walichofundishwa, kama alivyoniandikia kwa mkono wake: wiki tano kusimama juani wameshika fito nyeupe na nyekundu bila kutikisika, wiki tatu kupaka mawe chokaa, wiki sita kuchonga vigingi, wiki nne kufuta vumbi kwenye vyombo vya Bwana Mpimaji, na viatu vyake pia, ambavyo sielewi vinapima nini, na wiki zilizobaki, ambazo mkizihesabu mtaona si nyingi, ndizo za kuchora. Hiyo ndiyo elimu ya wapanga mji, na kulikuwa na wazazi waliochinja kuku kushangilia watoto wao kuchaguliwa.

Darasani ramani ilichorwa kwanza kwa penseli, na penseli ilifutwa kwa mkate, mkate wa ngano, laini, uliookwa asubuhi kwa ajili hiyo, unamegwa, unasuguliwa juu ya karatasi mpaka unageuka mweusi, kisha unafagiliwa nje. Mnaukumbuka mwaka ule, mvua zilikatika Februari, uwele ukakauka ukiwa magotini, watu wakawa wanachemsha majani ya porini, na wanafunzi wale wanatoka kwenye nyumba hizo wanaingia darasani kusugulia karatasi mkate. Bashiri bin Abbasi wa Kondoa, aliyesimama pale mwenye kanzu, rafiki wa marehemu hadi mwisho, aliokota kipande sakafuni akakitia mdomoni, akalazwa akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuharibu vifaa vya serikali, na wenzake kumi wakaamriwa wahesabu viboko kwa sauti, kwa Kijerumani, ili na somo la hesabu lisipotee. Bashiri, unisamehe kwa kulisema mbele za watu, lakini ningelificha ningekuwa mchafu kama wao.

Sasa nafika penye aibu yetu wenyewe. Mtihani ulikuwa mwezi Desemba, kila mwanafunzi achore ramani ya mji na pembezoni mwake, na kaka akaichora Isangwe yote, matembe kumi na manane, kisima, njia ya ng'ombe, makaburi matatu, kila kitu kimepimwa kwa mnyororo na hatua zake mwenyewe. Bwana Mpimaji aliitazama karatasi, akasema kazi ni nzuri ila ni chafu, mahali pale katika mpango wa mji ni patupu, na anayetaka cheti asafishe karatasi yake, akamsukumia mkate. Kaka alimjibu kwamba pale pana watu mia moja na arobaini, akaambiwa hakuulizwa idadi. Basi akafuta. Ndiyo, alifuta, kaka yangu, kwa mkono wake, Bashiri alikuwa meza ya pili na aliona, alianza na nyumba za majirani akamalizia na yetu, akazikusanya zile chembe nyeusi katika leso, akatoka nje akatapika.

Tarehe 22 Desemba 1911 walipewa vyeti, kwa ngoma ya askari na hotuba ndefu. Cheti kilikuwa cha Kijerumani, kina tai na pambo pembeni, tulikipeleka misheni kikatafsiriwa, na kumbe kinasema mwenye cheti hiki anafaa kubeba vyombo vya upimaji chini ya uangalizi. Kubeba! Alikuwa anabeba tangu Gulwe, bila cheti wala hamsa ishirini za rafiki yake. Hana aliposikia tafsiri, akaenda akakitundika kwenye zizi la mbuzi, akasema, "Na mbuzi nao wakitaka wakapimwe."

Hata hivyo, mwandiko wa kaka ulikuwa mzuri kuliko wa makarani wao, kwa hiyo ofisi ilimbakiza miezi mitatu, anakili mpango wa mji kwa wino juu ya kitambaa cha ramani, nakala nne, za kutiwa sahihi na muhuri, kisha ikamrudisha kwenye kubeba vyombo na vigingi. Nawaomba mzikumbuke nakala hizo nne.

Tarehe 14 Agosti 1912 askari walikuja Isangwe wakavunja matembe yote kumi na manane, tukahamia Nzuguni tumebeba mihimili na watoto, na aliyetangulia mbele ya askari kupigilia vigingi alikuwa mwenye cheti. Shangazi yetu Tereza alimtemea mate miguuni, hakusema naye tena, na mimi ninayesoma hapa sikula naye sahani moja kwa mwaka mzima. Nilimwona ni msaliti. Alikuja kwangu mara tatu, akakaa mlangoni, hakujitetea hata mara moja, na nilidhani ananyamaza kwa kukosa la kusema.

Kuhusu ugonjwa wake sitazunguka. Darasani kaka alikuwa amesema kwamba mtaa wa maduka umechorwa juu ya korongo, kwamba kila Mgogo anajua maji ya Januari yanapita pale, akajibiwa kwamba mstari ulionyooka haupindi kwa ajili ya dimbwi. Januari mwaka huu mvua zikaja, korongo likabeba vigingi vya mitaa miwili na duka moja, na Bwana Mpimaji hakuusogeza mstari, alimtuma kaka avirudishe vigingi. Siku tatu alisimama kwenye maji hadi kiunoni, akichomeka vigingi kwenye matope, vikielea, akivifuata, akivichomeka tena. Siku ya nne alishikwa na kichomi, tarehe 28 Januari alilazwa hospitali, na tarehe 9 Februari 1914, alfajiri, akafariki akiwa na miaka thelathini na mmoja, si thelathini na minne kama walivyoandika kwenye kibao cha kitanda.

Sasa jibu lenu ndilo hili. Asubuhi ile ile nilikwenda bomani pamoja na Bashiri kuomba ruhusa ya kuzika. Karani alicheka, akasema mjini mtu hazikwi popote anapopenda, anazikwa penye makaburi kwa mujibu wa mpango. Nilikuwa nageuka nirudi, Bashiri akanishika mkono, akaomba kwa adabu sana mpango ufunguliwe. Ukafunguliwa. Na pale Isangwe, mahali patupu, palikuwa na mraba mdogo usiozidi ukucha, ndani yake misalaba mitatu midogo kama punje za ufuta, na ubavuni neno la Kijerumani la makaburi, kwa mwandiko ninaoufahamu tangu ukiwa mkaa ukutani, na mwishoni mwa kitambaa sahihi ya Bwana Mpimaji na muhuri wa serikali.

Aliitwa Bwana Mpimaji mwenyewe. Alitazama, akawa mwekundu shingo nzima, akachukua mkate mezani, akamega, akasugua. Niliusikia ule mkate ukisugua. Ulikuwa wino, ndugu zangu, ukabaki vile vile, na nakala nyingine zilikuwa zimekwishapelekwa, moja iko Dar es Salaam, na ili aseme ni kosa ilimpasa aandike kwa mkubwa wake kwamba alitia sahihi ramani nne bila kuzisoma. Akaipangusa mikono, akatuandikia ruhusa.

Tukiwa njiani Bashiri ndipo aliponieleza kwamba matembe kumi na manane yasingefichika, yangeonekana siku ile ile na kitambaa kingechanwa, lakini makaburi matatu yangepita, na kaka alimwapiza asimwambie mtu, hata Hana, hata mimi, kwa kuwa mdomo mmoja tu ungetosha kuharibu. Hiyo ndiyo sababu ya kunyamaza mlangoni kwangu, nami ninajichukia kuliko ninavyomchukia Bwana Mpimaji. Kama yupo kati yetu aliyetumwa kusikiliza, aende akaseme, wino umekauka miaka miwili sasa.

Ofisi haikumtuma mtu, imeleta barua. Nilitakiwa niisome, sitaisoma, ni kilemba cha ukoka toka mwanzo hadi mwisho, mtumishi mtiifu, mwenye bidii, na katika mstari wa mwisho wanatuarifu kwamba kozi nyingine inaanza Julai, wanaiomba familia iwapendekezee kijana wa kujaza nafasi yake. Nimempa Hana, naye anajua pa kuitundika.

Familia inawashukuru wahudumu wa hospitali waliomgeuza na kumnywesha uji, na daktari pia, aliyefika hadi mlangoni. Tunawashukuru majirani wa Nzuguni kwa kuni, maji na unga wao, wapimaji wenzake tisa walioomba ruhusa ya kuja kumbeba wakanyimwa na wakaja, na Bashiri, ambaye sasa ni ndugu wa nyumba hii. Tunamshukuru shangazi Tereza, ambaye leo tangu asubuhi amechimba na wanaume na amekataa kunyang'anywa jembe. Marehemu ameacha mjane, Hana, na watoto wawili, Ruthu na Emilia.

Kaka Bartolomayo, mama alikuomba usimwache hapa peke yake. Basi pumzika naye kwa amani, mkate wao umeshindwa.