Mama Kijiko na Kiganja Alichokifungua

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mama Kijiko, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, na tangu utotoni akiona shingo ya mtu imekakamaa haulizi, anaikanda.

Alisoma hadi kidato cha nne, akahitimu utabibu wa viungo mwaka 1984, na Januari 1985 akaajiriwa hospitalini, chumba namba tisa, mwisho wa korido, alikohudumu hadi alipostaafu mwaka 2022.

Mwaka 1986 mdogo wake wa mwisho, ndiye huyu anayewasomea, aliungua kiganja cha kulia kwa maji ya moto, kovu likavuta vidole vikajikunja, hata kalamu ikawa haishikiki, na dada akaanza kulilainisha kwa mafuta na mgongo wa kijiko, ila siku ya kwanza, kwa pupa ya kutaka vidole vifunguke upesi, alikandamiza mno, kovu likavilia damu, tiba ikasimama wiki tatu, naye akalia kuliko mgonjwa. Tangu hapo kila kifaa, hata vile vya chuma vya kukandia makovu vilivyokuja baadaye hospitalini, alikijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, na baada ya miezi saba kiganja kilifunguka.

Tarehe 8 Septemba 1990 aliolewa na fundi seremala aliyekuja kutibiwa bega lililogoma baada ya upasuaji, bega lenyewe lilipona Machi ya mwaka uliotangulia, lakini shemeji aliendelea kuhudhuria hadi Desemba, eti bado linauma, jamani, na wakajaliwa mabinti wawili.

Februari 2023 alipasuliwa kifua kwa ajili ya saratani, na jeraha lilipopona kovu lilimzuia kuinua mkono hata kuchana nywele, ndipo mdogo wake huyu huyu akachukua kijiko kile kile, akakijaribu kwanza mkononi mwake, dada akacheka mpaka machozi, akamwambia aache kumtekenya, akandamize zaidi kidogo, na kufikia Krismasi alikuwa akijisuka mwenyewe. Ugonjwa ulirudi, akafariki tarehe 3 Juni 2024, saa nane mchana, mabinti zake wakiwa pembeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kutufulia, na wenzake wa chumba namba tisa, waliomsindikiza hadi mwisho, ahsanteni sana.

Karatasi hii imeshikwa na mkono wa kulia, dada. Pumzika kwa amani.