Kitabu Kilichoshonwa kwa Uzi wa Viatu

— Nimekishona, sikukichana! Mtu akishona hushukuriwa, hafunguliwi kesi.

— Umekishona, ndiyo, Kisigino. Lakini jalada la mbele umelipeleka nyuma na la nyuma umelileta mbele.

— Nimeyarudisha mahali pake! Waliokosea ni wa kiwandani.

Nilisimama katikati yao na birika mkononi, sijui nimmiminie nani kwanza. Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, limeegemea ukuta kati ya kibanda cha Kisigino, fundi viatu, na meza ya kahawa ya shangazi yangu. Aliyekuwa akibishana naye ni Wakili. Wakili hakusomea sheria. Alikuwa mlinzi wa mlango wa mahakama, na maneno yakamwingia yalipokuwa yanapita. Mimi ndiye msomaji wao, ndiyo maana Kisigino huniita Mwalimu. Tangu niache shule, mama alipoumia mgongo, namsaidia shangazi kahawa, na nikipata nafasi nakwenda maktaba kuazima manga, vile vitabu vya picha vya Kijapani vinavyosomwa kuanzia kulia. Nafuatilia hadithi tatu ambazo bado hazijaisha. Ya mfalme aliyegeuzwa kuku ni ya Wakili. Ya treni isiyosimama ni ya shangazi, maana humo, anasema, angalau kila mtu amekaa. Ya tatu ni ya msichana mruka juu, aliyetolewa shule akawa anafanya mazoezi peke yake juu ya paa. Hiyo ni ya Kisigino, kwa sababu ya viatu. Ni yangu pia, ila sijawahi kuwaambia.

Kitabu cha sita cha huyo msichana kilitoka maktaba kimechoka, kurasa zinaning'inia, jalada limeachana vipande viwili. Jana Kisigino aliniomba alale nacho, aangalie tena vile viatu vya kurukia. Asubuhi akanirudishia kimeshonwa kwa uzi mweusi wa nta, kigumu kama buti la askari. Leo ndiyo siku ya kukirudisha, na cha saba kimefika. Mama wa maktaba aliniahidi kuniwekea mpaka leo tu. Na pale ukutani kwake pameandikwa kwa herufi kubwa: ANAYEHARIBU KITABU HAAZIMI TENA.

— Mjomba, ungeniuliza, nilimwambia Kisigino. Sikupandisha sauti.

— Nikuulize nini, Mwalimu? Nimeona ufa, nimeziba ufa.

Shangazi akadakia kutoka mezani:

— Ufa umeziba, na mlango umeziba pia.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Wakili. Kwa hiyo, binti, usikirudishe.

— Nisikirudishe mpaka lini?

— Mpaka wasahau. Ukikipeleka leo, kwanza wanakunyang'anya kadi. Halafu wanakuita mbele ya kamati. Kamati ina watu wenye miwani. Mmoja anauliza, hii nta ni ya nini? Wewe unasema ya viatu. Basi, umeshajifunga mwenyewe.

— Si nitasema nimeshona mimi? alisema Kisigino.

— Wewe ni mshirika wa tendo. Huwezi kuwa shahidi.

— Mshirika gani? Yeye alikuwa amelala!

— Hapo ndipo kesi inaponoga. Sasa taarifa inapelekwa maktaba zote, inavuka bahari, inamfika mchoraji mwenyewe. Anaambiwa, bwana, kuna mahali kitabu chako kimetobolewa kwa msharasi wa soli. Yule ni msanii, ana moyo mwepesi. Anaweka kalamu chini. Hachori tena.

Kisigino alikuwa anagonga msumari kwenye kisigino cha kiatu cha kike. Nyundo ikasimama hewani.

— Ina maana yule mtoto haruki tena? Kwa sababu ya uzi wangu?

Kitabu cha sita kinaishia msichana akiwa angani, mgongo juu ya ule ufito wa kurukia, nywele zimening'inia, mguu mmoja bado haujapita. Ukurasa wa mwisho ni yeye tu na mbingu. Wiki nzima nimekuwa nikilala naye vile, hajaanguka, hajashuka.

— Atashuka, nilisema.

— Atashuka kwa vile viatu, alisema Kisigino. Soli ile mimi naijua. Soli ile haimwangushi mtu.

— Paa lile liko karibu na reli, alisema shangazi. Ile treni itapita chini yake, ataangukia juu ya behewa. Na kwa kuwa haisimami, ndiyo kashapata safari.

— Shangazi, hiyo ni hadithi nyingine!

— Reli ni reli.

— Hapana, alisema Wakili, kikombe kikipanda na kushuka na mkono wake. Hatashuka kabisa. Atageuka kuku. Mnadhani yule mfalme alianzaje? Aliruka kupita cheo chake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Akivunjika guu mimi napoteza mteja, alisema Kisigino. Na kuku havai viatu. Wewe Wakili una roho mbaya.

Walikuwa wameinuka wote wawili wakati mama mmoja alipofika, mfuko wa sokoni begani, kukifuata kile kiatu cha kisigino. Alitusikiliza huku akikijaribu, mguu mmoja juu, mkono begani kwa Wakili kama vile bega lile limewekwa pale kwa kazi hiyo. Kisha akauliza:

— Na huyo wa maktaba, alipokiona alisemaje?

— Bado hajakiona, nilisema.

Shangazi akanipokea birika, akaliinamisha kwenye kikombe, likatoa matone mawili na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nenda, mwanangu.

Nikakitia kitabu kwapani, nikaenda. Nilipovuka barabara nikasikia sandali zinanifuata. Kisigino amekuja na aproni yake, na mkebe wa uzi na nta mkononi. Alipofika kwenye mlango wa maktaba akaganda, akaitazama sakafu ilivyong'aa, akaitazama mikono yake.

— Mimi nakaa hapa, Mwalimu. Wakikukamata, piga kelele.

Ndani, mama wa maktaba alikipokea kitabu akakifungua kama kitabu kingine chochote, na alichokiona kwanza ni ukurasa wa mwisho, msichana angani. Akakifunga. Akakigeuza. Akashika kurasa, akazivuta, akazivuta tena kwa nguvu, nikafumba macho. Hakuna iliyotoka. Akapitisha kidole juu ya ile mishono, mmoja baada ya mwingine, yote sawasawa.

— Nani amefanya hivi?

Nilitaka kusema mimi. Nikasema:

— Mjomba. Yuko mlangoni. Alifikiri jalada limekosewa, akalinyoosha. Mimi ndiye sikumwambia kwamba vitabu hivi vinaanzia kulia.

Aliinama chini ya meza, akatoa kitabu cha saba, akakiweka mkononi mwangu, halafu akatoka kuelekea mlangoni na kile cha sita. Nikamfuata. Kisigino alipomwona akavua kofia, akaficha mkebe nyuma ya mgongo.

— Ingia, mzee, na huo uzi wako, alisema mama wa maktaba. Nina rafu nzima inayomwaga kurasa. Ila jalada usiliguse mpaka huyu binti akuonyeshe linakaa upande gani.