Wasifu wa Mama Tarehe, Mzaliwa wa Ishirini na Tisa Februari

Marehemu, ambaye wengi mliofika hapa mlimwita Mama Tarehe, alizaliwa Ijumaa, tarehe 29 Februari 1952, saa nne asubuhi. Familia inaomba radhi kwa kurudia: ishirini na tisa, Februari. Tunarudia kwa sababu vyeti vyote alivyowahi kupewa vilisema vingine, na yeye hakuwahi kukubaliana na hata kimoja.

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga. Mama yake, fundi cherehani, aliacha gauni la mteja mashineni likiwa na mkono mmoja, akaenda kujifungua mtoto wake wa pili kati ya watano. Baba yake, mlinzi wa bohari, alikwenda kumwandikisha mwezi wa Aprili. Karani akamtazama kwa huruma. “Mzee, binti yako atakosa sikukuu miaka mitatu katika kila minne. Ngoja nikusaidie.” Akaandika 1 Machi. Baba akampa mkono, akashukuru, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Mama alipoisoma ile karatasi aliuliza swali moja tu: “Baba watoto, siku niliyolia mimi umempa karani?”

Hivyo ndivyo alivyoanza maisha, kwa kusaidiwa. Waliomwumiza baadaye nao walikuwa wanamsaidia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1959. Alipokuwa la nne, mwalimu wao alikuwa na desturi ya kumsimamisha mbele mtoto aliyezaliwa siku hiyo, darasa zima limwimbie. Februari 1962 ilipokwisha bila yeye kuitwa, alinyoosha mkono.

“Mwalimu, mimi wa ishirini na tisa, yangu lini?”

“Yako mwaka huu haipo.”

“Mbona mimi nipo?”

Alisimamishwa nje mpaka kengele ya mapumziko, kwa kosa la kiburi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1969, wa kwanza katika hesabu. Ripoti yake ya mwisho inasema: “Ana akili, lakini anabishana.” Familia inakubali maneno yote manne.

Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mpangaji wa herufi, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2007. Hapo ndipo alipopata jina lake. Kalenda, kwa sisi tunaozitundika tu ukutani, zina sura kumi na nne: saba za miaka ya kawaida na saba za miaka mirefu, ile yenye 29 Februari. Kiwandani sura hizo zilikuwa zimepangwa tayari kwa herufi za chuma, zimefungwa kamba, kila moja na droo yake. Mwaka ukikaribia unachomoa droo inayofaa, unabadilisha tarakimu za mwaka juu, unachapa.

Desemba 1979 msimamizi alichomoa droo waliyoitumia mwaka 1974, kwa kuwa nao ulianza Jumanne kama 1980. Marehemu akaitazama mara moja.

“Bosi, mwaka ujao mrefu. Hiyo droo haina ishirini na tisa.”

“Wee mama, kiwanda kizima kisimame kwa ajili ya bethidei yako?”

“Achana na bethidei yangu. Kuanzia Machi siku za watu zote zitahama.”

“Nenda kapange risiti.”

Zikachapwa kalenda elfu nne. Machi ilipoingia, watu wakaanza kufika kila mahali siku moja kabla. Kinyozi wa mtaa wa pili alimpeleka mkewe hospitali kwenye miadi ya tarehe 10, akakuta ni Jumapili, tarehe 9, mlango una kufuli. Kuna bwana harusi alivaa suti, akachana nywele, akakaa peke yake ukumbini kutwa nzima akidhani amekimbiwa. Malalamiko yalipofika kiwandani, akatafutwa mwenye kosa, na aliyeliona kosa mapema kuliko wote ndiye aliyesimamishwa kazi mwezi mmoja. Msimamizi wake yupo nasi leo, mstari wa tatu, koti la kijivu. Karibu sana, mzee wetu. Miaka arobaini na mitatu inatosha mtu kutafuta neno “samahani”. Marehemu alilisubiri, na masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho.

Tangu mwaka huo wateja walikuwa hawachukui kalenda mpaka wampitishie. “Mama Tarehe, hii ya kweli au ya bosi?”

Alifunga ndoa Jumamosi, 19 Mei 1973, na fundi makochi aliyekuwa na karakana nyuma ya kiwanda. Walijaliwa binti mmoja na mtoto wa kiume mmoja. Mume alipenda kutamba kwa wenzake kwamba ameoa mke anayezeeka polepole. Mke akimsikia husema, “Huyu naye, nguo zake anataka zifuliwe na mtoto wa miaka saba?” Katika miaka mifupi, ndugu waliompongeza tarehe 28 walijibiwa hivi: “Salamu nimepokea, tarehe yako rudi nayo.” Mumewe alitangulia mwaka 2009.

Kwenye ofisi ya vizazi alikwenda mara sita kuomba asahihishiwe cheti. Mara ya tano aliambiwa alete shahidi aliyekuwepo alipozaliwa. “Alikuwepo mama yangu, na amefariki.” “Basi leta barua yake.” Mara ya sita aliambiwa kwa upole, “Mama, siku moja tu hiyo, unang'ang'ania nini?” Akajibu, “Kama ni siku moja tu, nipe.”

Alianza kuugua figo Agosti 2022. Wodini, kila kabla ya dawa, muuguzi humwuliza mgonjwa tarehe ya kuzaliwa na kuilinganisha na kadi. Marehemu alisema 29 Februari. Kadi ilisema 1 Machi. “Haviendani, bibi. Siwezi kukupa.” Sahani ya dawa ikarudi ilikotoka. Siku mbili binti yake alizunguka madirisha yote ya hospitali ile, akiambiwa wao wanafuata cheti. Siku ya tatu, maumivu yakiwa yamembana, mwanamke ambaye karani, mwalimu na bosi walishindwa kumkunja alifumba macho akasema, “Moja Machi.” Akapewa vidonge viwili na glasi ya maji. Alipomeza alimshika binti yake mkono: “Nimesema uongo kwa ajili ya kidonge, mwanangu. Kwenye jiwe msinisemee uongo.”

Alifariki Jumatano, 14 Juni 2023, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na mmoja.

Kibali cha mazishi kikatoka na 1 Machi. Ofisi ya makaburi ikasema jiwe lazima lifuate kibali. Mjomba akamshauri binti, “Mama yako hataliona. Mwache apumzike.” Binti akamjibu, “Mjomba, hapumziki mtu chini ya tarehe ya mwenzake.” Alhamisi akaenda kwa mchonga mawe, akajaza fomu kwamba atakayeulizwa ni yeye, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka tarakimu ya mwisho ikachongwa. Bwana wa ofisi ya makaburi ameshafika na amesimama pale getini na faili lake. Tumemwomba angoje tufukie kwanza. Akitaka kulibadilisha jiwe, atalikuta zito, na amelikalia binti wa marehemu.

Marehemu ameacha binti, mtoto wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu watano, kaka mmoja na wadogo zake wawili.

Pumzika, Mama Tarehe. Ishirini na tisa Februari 1952 imechongwa, na haifutiki kwa kalamu.