Shangazi Taratibu na Kifungu cha Kumi na Nne

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa alasiri, mwenzetu tunayemwita Shangazi Taratibu atavua aproni na kuikabidhi stoo kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda hiki cha nyama kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Ofisi ya utumishi iliniomba wasifu wake wa ukurasa mmoja. Nimejaribu, nimeshindwa. Wakitaka kupunguza, mkasi wanao.

Mimi ndiye mnoa visu. Nimemnolea visu kwa miaka ishirini na sita, na mtu ukimnolea visu muda wote huo, unamjua kuliko anavyodhani. Wengine hunirushia visu kwenye ndoo, vina mafuta hadi kwenye mpini, kana kwamba mimi mikono yangu niliiokota. Yeye alivileta vimefutwa, mipini imenielekea, na salamu juu yake. Siku akiwa amekasirika, visu vilikuja vimefutwa vilevile, ila salamu ilikuwa fupi.

Alianzia chumba cha kuoshea matumbo. Alikaa huko miaka miwili, na husema ndiko alikojifunza kupumua kwa mdomo. Akapelekwa kwenye ufungashaji, akakaa kidogo, kisha akaingia Chumba cha Mifupa, yaani chumba cha kutenganisha nyama na mfupa, akapewa nafasi ya tatu kwenye mkanda. Hapo ndipo alipojikita. Bega la ng'ombe likipita mbele yake, mfupa ulitoka mweupe, hauna hata uzi wa nyama. Kwenye sherehe moja ya mwisho wa mwaka tulimpa heshima ya kukata keki. Kabla mgeni rasmi hajamaliza kuinuka kupiga makofi, keki ilikuwa vipande arobaini na viwili, vyote sawasawa, na yeye anauliza ndoo ya kisu iko wapi.

Jina lake lilitokana na sakafu. Sakafu ya Chumba cha Mifupa ina maji na mafuta saa zote, na somo la kwanza alilompa kila mwajiriwa mpya halikuwa kushika kisu, lilikuwa kutembea. Ukiharakisha hatua tu, unasikia kutoka nafasi ya tatu: taratibu! Meneja mmoja aliwahi kupita mbio, simu sikioni, akaambiwa taratibu, naye akapunguza mwendo kama mtoto wa shule. Siku hizi hata wajukuu wake wanamwita hivyo. Mume wake, dereva mstaafu, anaapa kwamba nyumbani mwenye haraka ni huyohuyo shangazi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana wetu hawalijui, maana wamelikuta limeshakaa mahali pake.

Zamani mkanda ulikuwa na swichi moja tu ya kuuzima. Ilikuwa kwenye kibanda cha msimamizi, nyuma ya kioo, na mlango wa kibanda ulifungwa kwa ufunguo. Glavu yako ikinaswa, unapiga kelele, jirani yako anapokea, wa pili anapokea, mpaka msimamizi ainue kichwa. Haja nayo ilikuwa na utaratibu wake: unanyoosha mkono, unasubiri mtu wa kukushikia nafasi. Wengi wetu tulikuwa hatunywi maji tangu asubuhi ili tusiombe.

Nafasi ya nne, ubavuni mwa Shangazi, alisimama mama mmoja mcheshi tuliyemwita Jirani. Siku glavu yake iliponaswa, tulipiga kelele watu kumi na mmoja kabla mkanda haujasimama. Alipoteza vidole viwili. Shangazi ndiye aliyemfunga mkono kwa aproni yake mwenyewe na kumshika mpaka gari likaja. Jirani alirudi baada ya miezi mitatu, akawekwa getini, na mkataba wake ulipoisha haukuandikwa mwingine. Jamani, iliuma. Iliuma na tukaendelea na kazi.

Miaka tisa iliyopita ndipo ulipokuja muswada wa usalama na haki za wafanyakazi wa viwanda vya nyama. Shangazi aliupata kwa afisa wa kazi, akaukunja akauweka mfukoni, akawa anatusomea wakati wa chakula. Alikipenda kifungu cha kumi na nne kuliko vyote: mfanyakazi yeyote anayeona hatari anaweza kuusimamisha mkanda mwenyewe, bila kuomba ruhusa, wala asiadhibiwe kwa hilo. Alikuwa anakisoma, kisha anakitazama kile kibanda cha kioo. Waajiri nao walisema tukipewa swichi tutazichezea. Kamati ya bunge ikaamua ije ione kwa macho yake, na kiwanda kilichochaguliwa kikawa chetu. Tukapewa taarifa wiki mbili kabla.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na nitalisema kama lilivyokuwa. Hakuna aliyetuamuru. Meneja alibandika tangazo tu kwamba kuna wageni. Aliyetukusanya alikuwa Shangazi mwenyewe. Alituuliza kama kweli tutawapokea wageni kwenye uchafu ule, watu wazima sisi, na akina mama humu ndani. Basi! Jumapili tulikuja kwa hiari yetu, tukasugua kuta na sakafu kwa maji ya moto mpaka vigae vikakumbuka rangi yake. Mimi nilinoa visu themanini. Glavu za chuma, ambazo tulikuwa tunaazimana kwa zamu, zilitolewa stoo zote mpaka kila mtu akawa na yake. Shangazi akamwendea msimamizi akamwomba apunguze kasi ya mkanda, ili wageni waione kazi vizuri.

Wageni walikuja Jumatatu. Walisifu. Mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja mrefu wa maneno machache, alimpa Shangazi mkono na kusema hakutegemea kukuta mahali pa aina hii pamependeza hivyo. Tulijisikia kama watu walioozesha binti siku hiyo.

Baada ya siku kumi na mbili ripoti ikaja kwenye ubao wa matangazo. Kamati imeridhishwa na hali ya kiwanda. Kamati haioni haja ya kifungu cha kumi na nne, na inapendekeza kiondolewe.

Shangazi aliisoma akiwa na buti miguuni. Akairudia. Kisha akaja kukaa juu ya kreti karibu na mashine yangu ya kunolea, akaniambia kwamba kifungu kile hakikuuawa na waajiri, tumekiua sisi kwa brashi na sabuni, na aliyegawa brashi ni yeye. Nilimwambia yaishe, Mungu yupo.

Kikao cha kupokea maoni ya wananchi kilikuwa kimebaki kimoja. Tulijiandikisha watu saba kwenda naye. Meneja alipopata habari hakugomba, hakutishia. Alituita mmoja mmoja, akatukaribisha kiti, akatuuliza kwa upole watoto wetu wanaendeleaje na shule. Alikuwa na adabu sana mtu yule. Asubuhi ya kikao, kituo cha basi, alifika Shangazi peke yake. Mimi nilimtumia ujumbe kwamba tumbo linanisumbua. Tumbo langu lilikuwa zima kama ngoma.

Ieleweke alichokuwa anakiweka rehani. Mume wake wakati huo hakuwa na gari la kuendesha, watoto wawili walikuwa sekondari, na chakula cha nyumba ile kilitoka nafasi ya tatu ya mkanda. Hapakuwa na sheria yoyote ya kumkinga.

Nimezisoma kumbukumbu za kikao kile, zilichapishwa, na nazihifadhi. Alianza kwa kuomba radhi. Akawaambia waheshimiwa kwamba waliyoyaona siku ile hayakuwa kazi yetu, yalikuwa adabu yetu kwa wageni. Akawaeleza sakafu, glavu za kuazimana, mkanda uliopunguzwa kasi kwa ombi lake yeye, na vidole vya Jirani. Akawaomba warudi bila kupiga hodi. Mwenyekiti alimuuliza kama anajua kwamba mwajiri wake amekaa nyuma yake. Akajibu kwamba anajua, wamesalimiana mlangoni.

Kesho yake alihamishiwa kuosha kreti uani, peke yake, kwenye jua. Tulipita tukamsalimia kwa mbali, maana sote tulikuwa tumekuwa watu wa haraka ghafla.

Jumatano moja, wiki ya tatu, saa mbili asubuhi, waliingia. Hawakumwambia mtu. Mkanda ulikuwa kwenye kasi yake halisi na sakafu ilikuwa sakafu yetu halisi. Mwenyekiti aliagiza muosha kreti aitwe aje awaongoze, na Shangazi akaingia na buti zake zinachuruzika maji. Walipofika katikati, mzee yule alimwona mwenzetu wa nafasi ya tisa amenyoosha mkono, huku mkono mwingine unakata. Akamuuliza msimamizi huyu mama anataka nini. Akaambiwa anaomba kutoka kidogo. Mwenyekiti akatazama saa ya ukutani, akafumbata mikono, akasimama palepale.

Sisi vichwa chini, tunakata. Msimamizi alikuwa anatoka jasho kwenye chumba cha nyuzi joto kumi, lakini hakuwa na mtu wa ziada, hakuwahi kuwa naye. Dakika thelathini na nane. Mwenzetu alipopata wa kumshikia nafasi hakutembea, alikimbia juu ya mafuta yale, na kwa mara ya kwanza Shangazi hakumwambia mtu taratibu. Mzee alivua kofia nyeupe tuliyomvalisha, akaishika mkononi muda mrefu, kisha akamwomba katibu wake kalamu.

Kifungu cha kumi na nne kilirudi. Kikaja na kingine cha mapumziko, na kingine cha kila mtu kuwa na glavu yake. Vitufe vyekundu mnavyoviona, kimoja kwa kila nafasi nne, vilifungwa mwaka uliofuata. Shangazi aliosha kreti miezi mitano, mpaka mkaguzi wa kazi alipokuja na sheria mkononi kumrudisha. Hakuwahi kutusema. Meneja yule alipoondoka, kadi ya kumuaga ilipitishwa, naye aliisaini na kumwombea afya. Mimi niligoma kusaini, na akanicheka siku nzima.

Tangu hapo ameongoza kamati ya usalama miaka sita, amefundisha watu zaidi ya mia moja, na hajakubali hata mara moja kukaa meza kuu. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vinakufa ganzi asubuhi, kwa hiyo vifungo vya koti hufungia mkono wa kushoto. Akistaafu anasema atafuga kuku, na amekwisha tangaza kwamba hatachinja hata mmoja.

Mwezi uliopita nafasi ya nne ilipata mfanyakazi mpya, mama wa watoto wawili. Wiki yake ya tatu, ncha ya glavu yake ilishikwa na mnyororo wa mkanda. Hakupiga kelele. Alinyoosha mkono wa pili akabonyeza kitufe, mkanda ukasimama papo hapo. Fundi alihitaji dakika tisa kuitoa glavu. Vidole vilitoka vyote vitano. Msimamizi aliandika kwenye fomu, akamuuliza kama yuko sawa, basi. Yule mama alimuuliza Shangazi kama vitufe hivi vilikuwepo tangu zamani. Shangazi akamwambia vipo, avitumie.

Nilikuwa nimesimama pale na kigari changu cha visu. Mashine kimya, chumba kizima kimya, hatua mbili tu kati yangu na yeye. Nilikuwa na dakika tisa za kumwambia neno ambalo nimelibeba miaka tisa. Nikapanga visu.

Basi nalisema hapa, mbele ya kiwanda kizima, limepigwa chapa lisifutike. Dada yangu, siku ile sikuwa naumwa tumbo. Niliogopa. Nisamehe.

Asante kwa niaba ya wote tunaorudi nyumbani na mikono yetu. Nenda kapumzike, Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha. Na Ijumaa nikija kukuaga, usinifanyie adabu kama tulivyowafanyia wale wageni. Nijibu unavyojisikia.