Miaka Thelathini na Mmoja, na Jumanne Sita Bado

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mshauri nasaha wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Humu kliniki hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Pumua, kuanzia kwa mlinzi wa getini mpaka kwa bosi. Amechoka. Naliandika wazi kwa sababu siku ya sherehe mtasimama kusema bado ana nguvu, na mtakuwa mnamdanganya. Magoti yamekwisha, na masikio yamejaa ugomvi wa watu wengine.

Alipoanza alipewa chumba namba tatu, kilichokuwa stoo ya magodoro. Kulikuwa na viti kumi vya plastiki, dirisha lisilofunga, na mimi niliyeletwa kupiga deki. Akachora ukutani ngazi kwa rangi ya mafuta, sifuri mpaka kumi. Sifuri umetulia, kumi unavunja vyombo. Kila anayeingia aseme yuko ngapi kabla hajaketi. Dereva wetu alisema sifuri kwa miaka miwili, hadi siku alipoupiga teke mlango wa gari, na Mama Pumua akamwambia sifuri yake ina miguu. Bosi naye alitakiwa kusema namba kabla ya kikao. Alisema mbili, mishipa ya shingo imemsimama kama kamba. Tulimwacha na mbili yake.

Mafunzo ni ya wiki kumi na mbili na hayarukwi. Wiki ya kwanza unajifunza kulitaja linalokusumbua na mahali linapokukamata mwilini: tayani, kifuani, tumboni. Ya nne ni pumzi, na uso kwenye beseni la maji baridi. Ya sita ni kutoka: ukifika saba unaaga, unasema utarudi baada ya muda gani, na unarudi kweli. Kutoka kila mtu anajua. Kurudi ndiko kazi. Ya tisa mnaigiza ugomvi wa nyumbani, mmoja anakuwa mama mkwe. Kila siku unaandika kwenye daftari, na asiyejua kuandika anachora. Mimi nilichora; kuandika nilijifunza baadaye. Sharti ni moja: ukimfokea mtu darasani, unaanza upya wiki ya kwanza. Nusu ya waliokuja hawakumaliza, na hao ndio aliokwenda nao nyumbani kichwani kila jioni. Hilo ndilo lililomzeesha.

Katikati ya Mei, darasa la Alhamisi lilikuwa wiki ya tisa. Kulikuwa na fundi mwashi, baba wa watoto wawili, ambaye mkewe alihamia kwa dada yake akasema atarudi siku mumewe atakapomaliza wiki zote kumi na mbili, si kumi na moja. Fundi alichelewa, akaigiza kwa mzaha, halafu akasema: "Mama, haya umeyatoa kwenye makaratasi. Ungekaa kwangu siku moja ungekimbia." Mama Pumua akapiga meza. "Toka! Umenichosha!" Nilisikia nikiwa jikoni, nikasahau birika motoni. Fundi alichukua kofia yake akaondoka.

Mama Pumua aliosha uso, akarudi, akaandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wanaoanza wiki ya kwanza Jumanne. Bosi akasema sharti ni la wanafunzi, na yeye amebakiza wiki sita tu kustaafu. Mimi nilimwambia aache ujinga. Akasema aliyefoka ni yeye. Madarasa yake akamwachia mshauri mwenzake, bwana mwenye miwani, ambaye kazi alifundishwa na yeye mwenyewe. Kisha akampigia fundi simu, akamwomba radhi, akamweleza kwamba anaanza upya. Fundi akasema, "Unanitania."

Jumanne fundi alikuja kuhakikisha. Alisimama nje ya dirisha, mikono ina saruji, akamwona mama wa miaka sitini kwenye kiti cha plastiki, daftari magotini, anaulizwa na bwana mwenye miwani, mwanafunzi wake wa zamani, hasira inamkamata wapi. Akajibu, "Miguuni. Nimesimama mno." Hakuna aliyecheka. Fundi aliondoka, nami nikasema huyo ndiyo basi.

Alhamisi alifika kabla ya kila mtu. Akarudia wiki ya tisa, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mama mkwe; alimwigiza vizuri hadi akalia mwenyewe. Wiki mbili zilizopita alimaliza ya kumi na mbili. Jumapili yake mkewe alirudi na watoto. Sitawaambia kwamba nyumba ile sasa ni shwari. Juzi fundi kanisimulia kwamba alifika saba, akaaga, akazunguka mtaa mara mbili, akarudi kumenya viazi.

Mama Pumua, kwa niaba ya wote uliotufundisha kunyamaza kwa wakati wake, asante. Cheti cha kustaafu bosi anacho tayari. Cha mafunzo huna, maana umefika wiki ya sita, na sharti ni lako. Kuanzia Jumamosi lala mpaka jua likuchoke, na Mungu akupe miaka mingi ya kusikiliza ndege badala ya watu. Ila Jumanne saa tatu uwe umeketi, dada yangu. Bwana mwenye miwani hana huruma na wanaochelewa.