Nyumba Hii Inakujua: Maisha ya Mwalimu Mardochée Mwenya, 1969–2025

Ndugu, jamaa, majirani wa Hewa Bora, na ninyi mliokuja na yunifomu: mimi ni Séphora, binti yake wa kwanza. Mama ndiye aliyenipa kazi ya kusoma, kwa sababu anasema sauti yangu haitetemeki nikikasirika. Leo nimekasirika.

Baba yetu, Mardochée Mwenya, alizaliwa Sakania tarehe 14 Agosti 1969, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akaja Lubumbashi kwa shangazi yake, akapata diploma ya serikali mwaka 1990. Alitaka kufundisha hesabu. Nafasi hazikupatikana, akaingia polisi mwaka 1993.

Mwaka 1996 alikwenda kumposa mama yetu, Léonie Mumba. Alitoka kazini moja kwa moja, bunduki begani, akagonga lango kwa nguvu bila kusema yeye ni nani. Babu, baba yake Mama, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaruka ukuta, akajificha kwa jirani hadi jioni! Babu alipomtania, Baba alicheka mpaka machozi. Lakini alituambia kwamba siku ile alielewa jinsi watu wanavyomwona polisi asiye na jina. Walifunga ndoa tarehe 7 Desemba mwaka huohuo.

Mwaka 2011 alipelekwa kwenye mafunzo ya polisi wa ujirani, na kuanzia 2012 akawafundisha wanaoingia kazini, miaka kumi na mitatu. Somo lake lilikuwa moja, akalirudia kila asubuhi: "Mbele ya kugusa muntu, umuambie jina yako," yaani kabla ya kumgusa. Kila mwanafunzi alimpeleka kwenye nyumba moja ya kartie yetu, mtaa huu, wiki mbili, akamtekee maji mama wa nyumba. Afike langoni, aseme jina na namba yake. Mwishoni mama aliandika kwenye karatasi kama angependa arudi, na mwanafunzi aliandika chini yake kwa mkono wake mwenyewe: "Nyumba hii inanijua." Wenzake walimcheka, wakamwita Mwalimu wa Ndoo. Yeye alizitunza karatasi zote kwenye sanduku la bati chini ya kitanda.

Mwaka 2019 nyumba yetu ilipewa kijana anayeitwa Paulin Chama. Alikuwa mcheshi, alipenda maandazi ya Mama, alimbeba mdogo wangu Abigaël mgongoni. Mama akaandika: "Kijana muzuri. Arudi."

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Juzi mkubwa mmoja wa polisi alikuja kilioni, akaketi, akanywa maji yetu, akatuomba tuandike kwenye programu hii ya mazishi "baada ya ugonjwa mfupi". Tukikubali, angeleta bendera ya kufunika jeneza na vijana wa kupiga saluti. Tukikubali, mashtaka tuliyopeleka nayo yangezikwa leo pamoja na Baba, ila hilo hakulisema. Mama akamjibu: "Bendera mubaki nayo, papa. Siye tutaandika ile tuliona."

Tuliona hivi. Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa kumi jioni, Baba na Mama walikuwa wanarudi kwa gari kutoka Luano kumsindikiza ndugu uwanja wa ndege. Kwenye kizuizi cha barabarani walisimamishwa na polisi watatu waliofunika nyuso, na majina yao kifuani yamezibwa kwa utepe mweusi. Walitaka simu ya Mama. Baba akashusha kioo, akauliza kwa upole kama yuko darasani: "Jina yako nani, kijana?"

"Hapa hakuna jina, muzee. Shuka!"

Wakampiga kwa vitako vya bunduki. Mama aliijua ile sauti. Akapiga kelele: "Paulin! Paulin, miye njo Mama Léonie!" Yule kijana akasimama kidogo, akamtazama. Kisha akapiga tena.

Daktari aliandika: mbavu tatu zilizovunjika, bandama iliyopasuka, figo zilizokufa. Baba aliteseka siku kumi na tisa. Siku ya mwisho aliomba sanduku lake. Hakuwa na nguvu ya kulifungua, nikamtafutia karatasi ya Paulin mimi, akaishika muda mrefu. "Nilimufundisha vibaya?" akaniuliza. Nilimwambia hapana. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Machi, saa tatu asubuhi.

Pasta ametuomba tusamehe. Tumekusikia, Pasta, lakini si leo. Paulin alihamishiwa Kasumbalesa, mpakani, wiki ileile, haraka hivyo, wakidhani huko hatufiki. Programu hii mnayoishika imechapishwa nakala elfu moja. Mia nne ziko Kasumbalesa tangu jana: madereva kwenye foleni ya malori wanazo, wabadilisha pesa wanazo, mama wanaouza chakula wanazo. Ukurasa wa nyuma una nakala ya karatasi yake, mwandiko wake, namba yake na saini yake. Ile yenyewe tumeitia kwenye faili la mashtaka. Azibe kifua chake akitaka. Kila atakapopita atasalimiwa kwa jina lake lote, na mtu atamuuliza Mwalimu wake yuko wapi. Namtakia maisha marefu, ayasikie yote.

Baba anaacha mjane, Léonie, watoto wanne: mimi Séphora, David, Mapalo na Abigaël, wajukuu wawili, dada yake Michelle, na wanafunzi zaidi ya elfu moja. Wengi wenu mmesimama hapa leo na majina yenu wazi kifuani. Tumewaona, asanteni.

Mwalimu wetu alale salama, kazi yake aliimaliza. Nawe Paulin Chama, nyumba hii inakujua.